Kuipasha Moto Pikipiki ya Baba, Kimbiji hadi Boko

Walimu wenzangu, tangu Jumatatu mmenisonga na maswali mawili. Kwanza, kwa nini nasahihisha madaftari nimesimama. Pili, ni pikipiki gani hiyo inayonguruma kwangu kila asubuhi mpaka Mwalimu wa Hisabati, ambaye ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, ameanza kunisalimia kwa nusu mdomo. La kwanza ni jepesi. Nimekalia kiti cha pikipiki kilichochoka kutoka Kimbiji mpaka Boko, na sehemu fulani ya mwili wangu bado haijafika. La pili halijibiki bila kusimulia safari yote. Anayetaka kucheka acheke, ila ajue mie nilipokuwa njiani sikucheka.

Na najua kuna atakayesema Kimbiji mpaka Boko si safari, ni Dar es Salaam hiyo hiyo. Huyo nitamwazima pikipiki.

Kimbiji, kabla ya kuondoka

Baba yangu alikuwa bwana shamba. Utoto wetu wote alizunguka vijiji vya Kigamboni kwa pikipiki ya ofisi, nyekundu, ya Kijapani, na alipostaafu akaruhusiwa kuinunua. Sasa macho yamemtupa. Anaona mwanga na vivuli vya watu, basi. Tangu mama afariki anaishi peke yake, na mwezi uliopita aliwasha jiko akaunguza pazia bila kujua. Jirani ndiye aliyeona moshi. Mimi na kaka yangu Athumani tukaamua mzee ahamie kwangu Boko. Mzee akakubali, lakini kwa sharti moja: pikipiki nayo ihame, na ihame kwa magurudumu yake.

Athumani alikuja na kirikuu cha kukodi, kigari kidogo cha mizigo. Kilikuwa na nafasi ya godoro, masanduku, kuku na hiyo pikipiki yenyewe. Baba akakipapasa ubavuni, akarudi kukaa barazani.

“Pikipiki ikipakiwa kwenye gari inakwenda kuuzwa,” alisema. “Nimeziona za wenzangu zote zikipakiwa.”

“Nani atauza, baba?” Athumani akauliza, na wiki ile ile alikuwa ameshatafuta mnunuzi. Baba alijua.

“Ikifika Boko inanguruma, nitafungua mfuko wangu. Isipofika, utanirudisha hapa hapa, na msije mkanisumbua tena.”

Alikuwa ameukumbatia mfuko wake wa nguo magotini, na nilimjua: baba akisema jambo kwa sauti ndogo hivyo, amemaliza. Mimi nilikuwa nimeliona lile pazia. Nilikuwa nimeliona limeungua mpaka juu, karibu na paa la makuti. Niliogopa, na woga wangu huwa unageuka hasira haraka. Nikasema pikipiki nitaiendesha mie, na itafika.

Hakukuwa na mwingine. Athumani, pikipiki hiyo iliwahi kumwangusha akiwa kijana, wakanuniana mpaka leo. Mie baba alinifundisha kwenye mchanga mgumu wa ufukweni nilipokuwa sekondari, na ingawa miaka imepita, mguu haukusahau.

“Vuta choki, piga kiki, iache ingurume mpaka kikombe kimoja cha chai kiishe,” baba alinielekeza. “Ukiizima ikapoa, unaanza upya. Injini ya baridi haiondoki. Umenisikia?”

“Nimekusikia, baba.”

Sikuhitaji kuambiwa. Tulikulia chini ya sheria hiyo. Asubuhi tukiwa bado kitandani tungesikia kiki, halafu ngurumo, halafu baba akijikohoza uani. Mama angekuwa jikoni anapuliza moto. Baadaye angetoka na kikombe, baba angekunywa amesimama kando ya pikipiki, angerudisha kikombe, ndipo aondoke. Sikuwahi kumwona akiondoka kabla ya chai ile, hata siku za mvua.

Kirikuu kilitangulia na baba, mfuko wake na kuku. Mimi nilibaki uani nikinywa chai niliyojipikia mwenyewe, peke yangu, pikipiki inanguruma na kunitolea moshi mweusi machoni. Kikombe kilipoisha nikasema Bismillahi nikaondoka.

Kimbiji mpaka Kibada

Njia ile ina lami mahali na mchanga mahali, na mchanga haukupi taarifa. Nilivaa suruali ya michezo ya shule chini ya dera, helmeti ya Athumani inayonicheza kichwani, na simu nimeifunga kwa leso kifuani. Kabla ya Mwasonga gurudumu la mbele lilizama, pikipiki ikalala, nami nikalala nayo taratibu. Hakuna kilichovunjika. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na jembe alisimama, akanisalimia vizuri, akasubiri nimalize kujipangusa, kisha akauliza kama ninauza.

“Siuzi, baba. Shikamoo.”

“Marahaba. Kama huuzi, basi.” Akaendelea na safari yake. Kuinyanyua niliinyanyua mwenyewe.

Simu ikalia. Baba, kutoka ndani ya kirikuu. “Imezima?”

“Imelala kidogo.”

“Basi ipashe.”

Nikaipasha pale pale juani, bila chai, nikikadiria kikombe kwa mawazo. Ilikohoa mara mbili ikatulia.

Kibada nilifika na njaa. Kuna mama anayechoma vitumbua pembeni ya stendi, vitumbua vya mchele vyenye iliki, bado vinatoa mvuke. Nikaizima pikipiki, nikala, nikanywa chai ya tangawizi. Nilipotaka kuondoka injini ilikuwa imepoa. Sheria ni sheria. Nikavuta choki, nikapiga kiki, nikavaa helmeti kabisa, nikaagiza kikombe cha pili ninywe nimesimama kando yake kama alivyokuwa akifanya baba.

Hapo ndipo pikipiki ikainama upande mmoja. Kugeuka, mama mtu mzima ameshapanda, ndoo ya ubuyu iko mapajani, anajifunga mtandio vizuri upepo usije ukamchukulia.

“Twende Temeke, mwanangu. Sokoni.”

“Shikamoo, mama. Mie si bodaboda.”

“Marahaba. Umewasha, umevaa helmeti, umesimama stendi. Sasa we ni nani?”

“Ni mwalimu. Nasubiri injini ipate moto.”

“Haya,” alisema, akakaa vizuri zaidi. “Mie nasubiri na wewe.”

Nikamalizia chai yangu. Muuza vitumbua alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika.

Kibada mpaka Temeke, na abiria

Aliitwa Bi Mwantumu. Huuza ubuyu wa rangi jumla, na alinieleza njia nzima, akipiga kelele sikioni mwangu, kwamba aliponiona alimshukuru Mungu, maana vijana wa bodaboda wanamkimbiza kama wamemwiba yeye au ndoo. Tulipopanda Daraja la Kigamboni upepo ulitushika, akanibana kiuno kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine, na nadhani ndoo ndiyo aliyoibana zaidi.

“Pikipiki yako ina kifua,” alisema tuliposhuka upande wa Kurasini.

“Ni ya zamani, mama.”

“Mie pia wa zamani. Sikohoi hivyo.”

Alisema kweli. Kila nilipoongeza moto ilisita, kisha ikashtuka na kuruka mbele. Bi Mwantumu aliamua, wala hakuniuliza, kwamba tutapitia kwa fundi anayemjua karibu na soko. Nilikubali kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuuona ule mfuko wa baba ukirudi Kimbiji bila kufunguliwa.

Fundi huyo, Side, ni kijana mwenye maneno mengi kuliko spana. Kabla hajaigusa pikipiki alikuwa ameshaikosoa rangi. Akafungua plagi, akaitoa, akaiinua ili wateja wake wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi waione. Ilikuwa nyeusi tii, imevaa masizi kama sufuria ya kuni.

“Sista, hii haiendeshwi,” alisema. “Hii inawashwaga halafu inaachwa.”

“Haijaendeshwa tangu mwaka jana. Baba haoni vizuri.”

“Sasa nani anaiwasha?”

Sikujua. Nikamweleza sheria ya kikombe cha chai, na hapo nikawa nimechokoza nyuki.

“Mnaipikia pikipiki chai?” Side akaweka plagi chini. “Ishu iko hivi. Washa. Ikishashika, choki irudishe. Vaa helmeti yako, funga mkanda, basi, toka taratibu, itapata moto huko huko njiani. Ukiiacha imesimama na choki imevutwa inakunywa petroli haimalizi kuiunguza, inageuka haya masizi.”

Mteja wa kwanza, mtu mzima mwenye kofia ya kufumwa, hakukubali. “Injini ya zamani hiyo, Side. Oili imelala chini usiku kucha. Ukiondoka papo hapo unaisaga.”

“Nani kasema aikimbize? Nimesema taratibu.”

“Mie yangu naipashaga mpaka nimalize kuswaki.”

“Ndiyo maana uko hapa kwenye benchi langu,” Side akamjibu, na mteja wa pili akacheka mpaka akahama kiti.

Waliendelea kubishana. Mie na Bi Mwantumu tukaenda jirani kula chapati na maharage ya nazi, na tuliporudi ubishi ulikuwa bado, ameongezeka mpita njia mmoja. Side alikuwa ameipangusa plagi juu juu tu, masizi ya zamani bado yamegandia. Akanipa na kipande cha msasa, akanionyesha namna ya kuifungua na kuikwangua mwenyewe ikinizimikia, na kwa hilo namsamehe maneno yote. Bi Mwantumu alinifungia ubuyu kwenye karatasi, akanishika shavu, akapotelea sokoni.

Nilimpigia baba kumweleza aliyosema fundi. Alikuwa ameshafika Boko.

“Huyo ni mtoto,” alisema. “Wewe fuata niliyokwambia. Kikombe cha chai.”

Nikavuta choki. Side aliniangalia nikiipasha, akatikisa kichwa, akaenda kunawa mikono.

Ubungo

Barabara ya Mandela jua lilikuwa kichwani na malori yananipita kama nimesimama. Buguruni foleni haikusogea, ikanibidi nizime. Ilipoanza kusogea nikawasha, nikavuta choki, nikapanda kando nikaipasha, wenye magari wakanipigia honi na kunipa majina. Tabata hivyo hivyo. Nilitii, walimu wenzangu, nilitii kila kituo, na kila nilipotii ilikohoa zaidi.

Ubungo nilisimama kunywa juisi ya miwa yenye ndimu, kwa sababu koo lilikuwa limekauka kabisa. Nilipomaliza nikawasha nikasimama nayo pembeni, helmeti kichwani, kama kawaida. Mara vijana wanne wakanizunguka, bila ubaya lakini bila tabasamu. Mmoja, mwenye kizibao cha njano, ndiye aliyezungumza.

“Sista, habari. Mie ndo mwenyekiti wa kijiwe. Hapa kuna utaratibu.”

“Utaratibu gani?”

“Hatuvizii abiria. Mgeni anajiandikisha, anakaa kwenye foleni. Wewe umekuja umewasha kabisa, unataka wa kwanza.”

“Mie ni mwalimu wa shule ya msingi,” nilisema. “Naipasha moto.”

Wakatazamana. Jua la Ubungo saa ile lingeweza kukaanga yai juu ya tanki. “Unaipasha moto,” mwenyekiti alirudia polepole, “na joto hili?”

Kabla sijamjibu, pikipiki ilitoa mlio kama mtu anayepaliwa, ikazima. Nikapiga kiki. Nikapiga tena, na tena, mpaka dera likaninata mgongoni. Kimya. Simu ikalia.

“Uko wapi?” baba aliuliza.

“Ubungo. Imezima.”

“Uliipasha?”

Nilihisi machozi, na ya hasira ni machungu kuliko ya huzuni. Nilikuwa nimelibeba lile pazia lake rohoni tangu asubuhi. Nikamwambia mbele ya kijiwe kizima.

“Baba, imezima kwa sababu ya kuipasha. Plagi imejaa masizi. Kuanzia hapa naiwasha, narudisha choki, naondoka. Sipashi tena. Kama hutaki, niambie sasa hivi niiache hapa, nije kwa gari, na wewe urudi Kimbiji ukaungue.”

Sijawahi kusema na baba yangu hivyo. Upande wa pili nilisikia kuku wakilia na Athumani akiuliza kuna nini.

“Hata ikiwa baridi?” baba aliuliza.

“Hata ikiwa baridi. Nitakwenda polepole.”

“Basi njoo,” alisema, akakata.

Vijana walikuwa wameangalia pembeni kwa adabu. Mwenyekiti akaleta spana ya plagi bila kuombwa, akanyoosha mkono aifungue yeye. Nikamwambia asante, nataka kuifungua mwenyewe. Nikachuchumaa kwenye lami ya Ubungo, mwalimu mzima, nikaikwangua plagi kwa msasa wa Side mpaka chuma kikaonekana na vidole vyangu vikawa vyeusi mpaka kwenye maungio. Nikairudisha. Kiki ya kwanza haikushika. Ya pili ilishika.

Nikarudisha choki, nikafunga helmeti, nikaingiza gia.

“Sista,” mwenyekiti aliniita, “ukitaka nafasi kijiweni uje Jumatatu. Kwa hasira hizo utapata wateja.”

Mwenge mpaka Boko

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa nilikataa kusimama. Mwenge kulikuwa na harufu ya mishikaki iliyonifuata mpaka Makongo, sikusimama. Tegeta foleni ilitushika wote, ikazima, nikawasha, nikaondoka taratibu kama mtu anayebeba maji bila kata. Ilisitasita kidogo, halafu ikaamka yenyewe, ikaanza kutoa ule mlio wa zamani, mzito na wa taratibu, niliousikia utotoni ukitokomea kwenye minazi. Nilikula ubuyu wa Bi Mwantumu kwa mkono mmoja foleni iliposimama. Kiuno kilikuwa kimekufa ganzi na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Nilikata kona ya kwangu jua likizama. Baba alikuwa amesimama getini, peke yake, mfuko wake uko kwapani. Athumani alinieleza baadaye kwamba tangu wafike alikataa kuingia ndani, na kwamba alinisikia nikiwa bado kule kwenye lami, akasimama.

Sikuizima. Nilitaka aisikie. Alisogea akipapasa hewa mpaka akalipata tanki, akaweka kiganja juu yake, akasikiliza.

“Imekuja,” alisema.

“Imekuja, baba.”

Akanikabidhi mfuko. “Nifungulie,” akasema. “Kanzu iko juu.”

Boko, asubuhi

Sasa ndipo tunafika kwenye lile swali la pili.

Kesho yake kabla sijaamka vizuri nilisikia kiki, halafu ngurumo, halafu mtu akijikohoza uani. Nilitoka na kanga moja nikiwa nimewaka. Masizi ya jana yalikuwa bado kwenye kucha zangu. Baba alikuwa amesimama kando ya pikipiki, mkono mmoja juu ya kiti, uso ameuelekeza mlangoni.

“Baba, tulikubaliana. Injini hii haihitaji kupashwa hivi. Fundi amesema.”

“Najua,” alijibu. “Hata siku tunakabidhiwa pikipiki, fundi wa ofisi alituambia hivyo hivyo. Washa, ondoka taratibu.”

“Sasa miaka yote ile?”

“Injini ilikuwa tayari mapema tu, mwanangu. Mama yako ndiye alikuwa bado, na zile kuni zake mbichi.” Alitabasamu kidogo. “Nikiwasha, anajua namsubiri. Siwezi kuondoka sijamwona.”

Nikakumbuka lile swali la Side nililoshindwa kulijibu. “Na Kimbiji, baba, hukuwa na safari tena. Nani alikuwa anaiwasha?”

“Mie. Kila asubuhi. Naisikiliza kidogo, halafu naizima.”

Nilibaki nikitazama vidole vyangu. Yale masizi niliyoyakwangua Ubungo kwa hasira yalikuwa asubuhi zake zote tangu mama azikwe, amesimama uani haoni, injini inanguruma na mlango haufunguki. Nikarudi ndani, nikachemsha chai, nikamtolea. Akanywa amesimama. Akanirudishia kikombe, akapapasa ufunguo, akaizima mwenyewe.

Basi, Mwalimu wa Hisabati, nakuomba radhi kwa kelele, na nakuomba uvumilivu, maana haziishi. Plagi nitaikwangua kila Jumamosi. Ukitaka kujua zaidi, mie napikia gesi, na chai yangu huwa tayari hata kabla hajapiga kiki. Lakini nasimama nyuma ya mlango na kikombe mkononi, naiacha ingurume kidogo, ndipo natoka.